Hotuba ya Kufungua Nyumba ya Kujifukiza ya Katuba

Ilisomwa Elisabethville, mtaa wa Katuba, Jumamosi tarehe 22 Julai 1961, mwaka mmoja na siku kumi na moja tangu Katanga ijitangaze taifa, na Bwana Anaclet Kalaba. Imeandikwa neno kwa neno na Paulin Mutale, karani wake, aliyeamriwa aandike kila kitu pamoja na makofi. Pale makofi yalipokosekana, ameandika kilichokuwapo.

Mheshimiwa Mwakilishi wa Waziri, ambaye hakuweza kufika lakini ametuletea kiti chake. Waheshimiwa Wakuu wa Idara, Wakuu wa Idara Ndogo, na Wakuu wa idara ambazo bado zinatafutiwa jina. Mheshimiwa Padri, na Mheshimiwa Mchungaji aliyekaa mbali na Padri. Wazee wa ukoo mliozaliwa hapa kabla ya reli, na ninyi mliokuja kwa reli toka Kasai mkatufungulia maduka. Walimu, wauguzi, washonaji, wenye baiskeli na wasio na baiskeli. Wamama wa soko, ambao nawaomba mshushe vikapu maana hotuba ina kurasa arobaini. Na ninyi wananchi wa kawaida, ambao protokoli inanilazimu niwataje mwisho ingawa mmefika wa kwanza: ninawasalimu, ninawasalimu tena, na kwa niaba ya Idara ninawasalimu mara ya tatu. (Makofi ya adabu. Vikohozi vingi, hasa safu za mbele.)

Mimi ninayesimama mbele yenu ni Naibu wa Pili wa Kaimu Direkta wa Idara Ndogo ya Pua, Koo na Kifua, idara ambayo miezi tisa iliyopita haikuwapo popote duniani, na leo, kwa juhudi zisizopimika, nyingi zikiwa zangu, ina muhuri, ina bango la mlango, na mlango wenyewe uko njiani unakuja. Taifa changa lina mengi ya kutengeneza. Tumepata bendera yenye misalaba mitatu ya shaba, tumepata stempu, tumepata wimbo. Lakini mimi nilisimama katika kikao kimoja kikubwa nikauliza: wimbo huo utaimbwaje ikiwa pua za taifa zimeziba? Hakuna aliyenijibu. Kwa hiyo nikapewa idara. (Makofi. Direkta, maana ndivyo anavyotaka aitwe, anapenga kamasi kwa leso yenye muhuri.)

Ninyi nyote mnaijua baridi yetu ya mwezi wa sita na wa saba, ambayo asubuhi inakukuta kitandani na kukuamsha kabla ya jogoo, na mnalijua vumbi jekundu linalopanda barabarani likishuka kifuani. Je, Idara ilikaa ikitazama? Haikukaa, na sababu moja ni kwamba viti vilikuwa havijafika. Kwa Jumapili nne mfululizo tulituma wajumbe kanisani wahesabu vikohozi, na mnajua wenyewe kwamba muumini mzuri anabana kikohozi chake wakati wa Injili akakiachia kabla ya mahubiri, wote kwa pamoja, jambo lililorahisisha sana kazi ya statistiki. Misa ya kwanza peke yake ilitoa vikohozi mia nne na kumi na viwili. Tukazidisha kwa misa tatu, tukazidisha kwa parokia, tukaongeza Waprotestanti kwa makisio, na ninayo heshima kutangaza hadharani kwamba asilimia mia moja na sita ya wakazi wa mji huu wamebanwa kifua. (Mwalimu mmoja anauliza inawezekanaje kuzidi mia kwa mia.) Swali zuri sana, mwalimu. Inawezekana kwa sababu wengine wamebanwa kulia na kushoto. (Mwalimu anakaa.)

Baada ya statistiki tuliunda komisyo, yaani tume, na komisyo ikaunda misyo ya safari, na misyo hiyo niliiongoza mwenyewe mpaka Pweto, kule kando ya ziwa Mweru, kwa madhumuni ya kuchunguza kwa nini watu wa ziwani hawakohoi. Safari ilikuwa ngumu. Tulikaa wiki tatu. Tuligundua kwamba watu wa ziwani wanakohoa kabisa, tena sana, ila hakuna aliyekuwa amekwenda kuwahesabu, na kama ushahidi tulirudi na magunia sita ya samaki wakavu ambayo yamehifadhiwa katika dosye, yaani faili la Idara. (Sauti inauliza kama dosye hiyo imebaki na kitu. Kicheko.) Dosye iko kwenye uchunguzi.

Sasa nafika kwenye kiini cha jambo, yaani kujifukiza. (Mwanamke mmoja anasimama safu ya mbele. Ni Mama Adolphine, anayetibu mafua na vifua vya Katuba kwa mvuke tangu alipofika toka Luluabourg mwaka wa arobaini na sita. Ana mjukuu wake mgongoni, Delphine, wa miaka mitatu. Kupumua kwa mtoto kunasikika mpaka kwenye meza yangu ya ukarani.)

Mama, maswali ni mwishoni.

(Mama Adolphine anasema: “Baba Anaclet, ile nyungu yangu iko wapi? Huyu mutoto, siku tisa halale chini. Analala namubeba tu.”)

Wananchi, msifadhaike, ngoja nieleze, maana jambo hili ni la kitaalamu. Ni kweli kwamba mwezi wa tano Idara iliomba nyungu ya mama huyu kwa hiari yake, ikimtuma askari Kasonde na mwenzake kuipokea. Ni nyungu kubwa ya udongo, yenye mdomo mpana, aliyoachiwa na mama yake mzazi, na komisyo ilithibitisha yale ambayo mtaa mzima ulikuwa ukisema bila kibali, kwamba udongo unatunza joto kuliko sufuria, na mvuke wake unadumu mpaka watu wawili wamalize kutoka jasho. Nyungu hiyo ilichukuliwa ili ipimwe. Imepimwa mara kumi na nne. Kila mara ilikuwa na ukubwa ule ule, jambo linaloonyesha uthabiti. (Mama Adolphine anasema kwamba sufuria yake ndogo inapoa kabla mtoto hajavuta pumzi ya tatu. Hakai.) Imeandikwa, mama. Paulin, andika. (Nimeandika.)

Naomba sasa niwafafanulie mbinu yenyewe, ambayo Idara imeivumbua baada ya kumwangalia mama huyu kwa siku mbili. Yanachukuliwa majani ya mkaliptusi konzi mbili, mchaichai konzi moja, majani machache ya mpera, ganda la limau, na kipande cha tangawizi kilichopondwa. Vinachemshwa mpaka kifuniko kianze kucheza. Nyungu inatolewa motoni, inawekwa chini, mgonjwa anakaa mbele yake, anafunikwa blanketi, kifuniko kinafunguliwa kidogo kidogo asije akaungua uso, naye anavuta mvuke kwa pua ikiwa pua inapitika, na kwa mdomo ikiwa haipitiki, mpaka jasho limtiririke na kile kilichoganda kifuani kikubali kutoka. Mtoto anapakatwa, anakaa mbali na nyungu. Kisha anafutwa kwa kitambaa kikavu wala hatoki nje kwenye upepo. Mambo haya yote yamo katika Kanuni za Kujifukiza, zenye ibara hamsini na mbili, ambazo niliziandika mimi.

Ibara ya tatu inasema majani yote yatakuwa ya kizalendo, na mkaliptusi umechaguliwa kuwa mti wa taifa kwa kuwa uko hapa tangu enzi za mababu. (Mzee mmoja anasema miti ile ya barabarani aliipanda yeye, na miche ilikuja kwa treni.) Basi, mzee, imekaa vya kutosha, imeshakuwa wenyeji. (Mama Adolphine anasema kwamba na yeye alikuja kwa treni ile ile. Kicheko kirefu. Makofi, ya kwanza ambayo hayakuongozwa na askari.) Makofi hayo nayapokea.

Ibara ya saba ndiyo ngumu, na naomba tusikilizane. Kwa Mama Adolphine watu wanafukizwa wawili wawili, chini ya blanketi moja, na kuna desturi kwamba mliokaa pamoja chini ya blanketi hamgombani, wala mmoja habaki na kitu cha mwenzake, mpaka mvua ya kwanza inyeshe. Kwa hiyo watu wameanza kuchaguana. Mtu akigombana na jirani kuhusu mpaka wa shamba, jirani anamvuta kwa Mama Adolphine hata kama hana kikohozi, wanatoka huko wamelowa jasho na ugomvi umekwisha, na karani wa baraza anabaki hana kesi. Taifa haliendeshwi hivyo. Ibara ya saba inasema kila raia atafukizwa peke yake, blanketi yake, saa yake, kwa mpangilio wa herufi, akiwa na fomu nakala tatu. (Mnung’uniko. Bwana mmoja jina lake linaanza na W anauliza kama baridi itamsubiri.)

Askari Kasonde, mbona umeondoka kwenye turubai? (Tangu asubuhi nyuma ya jukwaa limetandazwa turubai kubwa la lori, juu ya nguzo mbili na kamba, na nyuma yake, tumeambiwa, ndiko iliko Nyumba. Kasonde ndiye aliyewekwa kulilinda. Kasonde ana kikohozi. Hayupo. Mama Adolphine pia hayupo mbele.) Narudia, hakuna ruhusa kupita nyuma ya turubai kabla ya saa ya kuzindua. Ni marufuku. Sheria ipo. Kasonde, rudi mahali pako.

Tuendelee, ukurasa wa kumi na tisa. Nyumba ya Kujifukiza ya Katuba, wananchi, ni ya kwanza ya aina yake kusini mwa ikweta. Itakuwa na vyumba ishirini na vinne, kumi na viwili vya pua na kumi na viwili vya kifua, na chumba kimoja cha watu ambao hawajui wameziba wapi. Itakuwa na biro, yaani ofisi, ya Direkta yenye madirisha mawili. (Sauti inauliza kwa nini nyumba ya vyumba ishirini na vinne haionekani juu ya turubai.) Kwa sababu ni nyumba ya kisasa, isiyo na majivuno ya kimo. (Direkta anakohoa. Anakohoa tena. Anakunywa maji. Sauti yake inashuka.)

Itatibu wananchi mia tatu kwa siku. Wengine tutawafuata kwa gari, mpaka Kasomeno, mpaka… (Anatafuta ukurasa wa ishirini na tatu. Ukurasa haupo. Wakati huo huo moshi mwembamba unapanda nyuma ya turubai, na baada ya muda unageuka kuwa mvuke mweupe. Harufu ya mkaliptusi inafika mpaka mezani kwangu. Watu wote wanatazama juu. Direkta naye anageuka, anatazama.)

Wananchi. Mnaona wenyewe. Mitambo imeanza kazi. (Makofi makubwa.) Nilisema, wengine wakabisha, wengine wakaandika barua bila jina kwamba Idara hii ni muhuri mtupu. Huo si muhuri, huo ni mvuke. Idara yangu imeanzisha mitambo kabla ya saa iliyopangwa, jambo ambalo halijawahi kutokea katika utawala wowote, wa zamani au wa sasa. (Safu ya mbele inaondoka kwenda nyuma ya turubai.) Pole pole, kwa mpangilio wa herufi. (Hawaendi kwa mpangilio wa herufi. Wamama wa soko wanafuata, na vikapu vyao. Nyuma ya turubai kunasikika kicheko kikubwa, kisha sauti ya mwalimu ikisema kwamba sasa ameielewa ile asilimia sita iliyozidi.) Kicheko hicho ni cha furaha, wananchi, ni cha watu walioona vyumba. Mheshimiwa Padri, na wewe? (Padri amekwenda. Mchungaji amemfuata. Blanketi mbili zimepita juu ya kichwa changu, zikitoka majumbani.)

Ukurasa wa thelathini na… (Sauti ya Direkta imekatika. Inarudi kwa shida, ya chini na ya kukwaruza. Mbele yake wamebaki wazee watatu, mmoja amesinzia.)

Kwa kuwa muda hauruhusu, naruka mafanikio na kuingia kwenye viitikio. Nikisema “Pua”, mtaitika “Wazi”. Pua. (Mzee mmoja: “Wazi.”) Nikisema “Kifua”, mtaitika “Chepesi”. Kifua. (Hakuna. Direkta anaitika mwenyewe, anakohoa.) Idara Ndogo, kazi kubwa. Mvuke wetu, nguvu yetu. Katanga inapumua. (Katanga inapumua nyuma ya turubai. Hapa mbele inakoroma.)

Na sasa shukrani. Namshukuru Waziri, ambaye siku moja atausoma mradi huu. Nawashukuru wafyatua matofali, ambao hakika wangeleta matofali kama tungewaomba. Namshukuru mchoraji wa ramani, ambaye yupo masomoni na atarudi baada ya miaka minne. Namshukuru mwenye kiwanja hiki, ambaye ana matuta yake ya viazi hapa nyuma na hajaambiwa kwamba ni makao makuu. Namshukuru Bwana Chomba aliyetuazima turubai la lori lake, ambalo kwa bahati mbaya analihitaji leo hii apeleke bidhaa Kasomeno. Bwana Chomba, tafadhali, kidogo tu, mpaka… (Bwana Chomba anafungua kamba huku akiomba radhi. Anasema atasafiri usiku kama akichelewa, na lori lake halina taa.)

(Turubai linaanguka. Hakuna Nyumba. Kuna matuta ya viazi, mafiga matatu, moto, na nyungu ya Mama Adolphine ambayo Idara iliileta asubuhi ili pawe na kitu cha kuonyesha. Kuna watu kama sitini wamekaa kwenye matuta wakisubiri zamu. Chini ya blanketi moja vinaonekana viatu vyeusi vya Padri na viatu vyeusi vya Mchungaji. Kasonde ameketi kando anajifuta jasho, uso wake umeng’aa. Hakuna anayezomea. Nilifikiri watazomea.)

Na namshukuru, wananchi, zaidi ya wote, Mama Adolphine, aliyetoa nyungu, ambayo ni sehemu pekee ya mradi huu inayoweza kuguswa kwa mkono. (Direkta anakunja kurasa zilizobaki. Anashuka jukwaani. Anasimama mbele ya moto, mikono nyuma, akihema kwa mdomo.)

Mama. Paulin, hii usiandike. (Niliamriwa niandike kila kitu.) Mama, miye siku kumi na moja sijapumua na pua. Kule biro banafikiri ninalia. Naomba nafasi. Sina fomu.

(Mama Adolphine anachochea moto, anaongeza konzi ya majani, anangoja kifuniko kicheze. Anachukua muda wake. Kisha anasema: “Ingia, baba. Lakini hapa tunaingiaka babili babili. Weye utaingia na miye.”)

(Direkta anaijua ibara ya saba, na anaijua desturi. Anatazama nyungu. Anatazama muhuri mfukoni mwake. Namsikia akisema kwa sauti ndogo kwamba mvua ya kwanza ni mwezi wa kumi, na kwamba mwezi wa kumi baridi itakuwa imekwisha na nyungu haitahitajika tena na Idara wala na mtu yeyote. Mama anamwambia ndiyo maana. Direkta anavua koti, analiweka vizuri juu ya tuta la viazi, anaingia chini ya blanketi pamoja na mama. Kwa muda hatusikii chochote isipokuwa kuvuta pumzi, kwanza fupi, kisha ndefu. Halafu kutoka ndani ya blanketi sauti ya Direkta, safi kabisa, inamuuliza mama kama mpera ni majani manne au matano. Anajibiwa.)

(Saa kumi na moja jioni Mama Adolphine alichukua nyungu yake kichwani akaenda nayo nyumbani. Kifuniko alikibeba Naibu wa Pili wa Kaimu Direkta wa Idara Ndogo ya Pua, Koo na Kifua, akitembea nyuma yake. Kurasa kumi na saba za hotuba zilitumika kuwashia moto. Mimi mwandishi nilifukizwa pamoja na askari Kasonde, ambaye ana baiskeli yangu tangu Pasaka, na ameahidi kuileta kesho.)

(Mwisho wa hotuba, kabla nyungu haijaenda nyumbani. Mtoto Delphine, aliyefukizwa wa kwanza kabisa, amefunikwa vizuri juu ya gunia kando ya mafiga, chali, mdomo umefungwa, anapumua kwa pua. Makofi hayakuwapo. Tuliogopa kumwamsha.)